Kilo ya mchele ni vikombe vingapi? Namna ya kupima mchele nyumbani hata kama huna mizani

Kila nikipigiwa simu na wadogo zangu kuhusu mapishi swali ni hilihili, dada kilo ya mchele ni vikombe vingapi, na mi jibu langu ni moja siku zote, kikombe kipi? Maana mmoja anashika kikombe cha chai, mwingine magi, mwingine bilauri, mwingine kale kaplastiki kalikokuja na raiskuka, wote wanaita kikombe, afu wanashangaa wali wa huyu mashendea na wa yule una kiini.

Haya, jibu la haraka kwa ambao sufuria iko motoni tayari. Kikombe cha kupimia cha mililita 250, mchele mkavu, umefutwa juu ukalingana na mdomo wa kikombe, ni gramu 200 hivi. Kwa hiyo kilo moja ni vikombe vitano, nusu kilo viwili na nusu, robo kimoja na robo. Ukitaka kuondoka na hiyo nenda kapike, waliobaki tuendelee.

Tuanze na maji maana ndo yanayotuchanganya. Lita moja ya maji ni kilo moja, kila mtu anajua, basi tunadhani mchele nao uko hivohivo. Hapana. Chukua punje moja itupe kwenye glasi ya maji, inazama, maana yake punje yenyewe ni nzito kuliko maji. Lakini ukijaza mchele kwenye chombo cha lita moja ukaupima hupati kilo, unapata gramu 800 hivi. Iliyobaki imeenda wapi? Ni hewa. Punje hazishikani, katikati yake kuna vinafasi vidogovidogo na ukivijumlisha vyote, kwenye kopo lililojaa mchele karibu sehemu nne kwa kumi ni hewa tupu. Ndo maana chenga inakuwa nzito kidogo kwa kikombe kilekile, vipande vinaingia kwenye zile nafasi, na basmati yenye punje ndefu nyembamba inakuwa nyepesi kidogo kwa sababu punje zake zinalala hovyo zinaachiana.

Jaribu hii leo ukiwa unachagua mchele: jaza kopo mpaka juu, futa, afu ligonge mezani mara kumi. Utaona mchele umeshuka, kumebaki nafasi juu ya kuingia vijiko kadhaa. Kopo ni lilelile, mchele ni uleule, ila hesabu imebadilika. Kwa hiyo ukiamua kupima kwa kikombe chagua tabia moja ukae nayo, mi huwa nachota, siugongi wala siushindilii, nafuta kwa mgongo wa kisu. Wazee wa pwani walikuwa na neno lake kabisa, mfuto, yaani kipimo kilichofutwa juu, tofauti na kile cha kujaza mpaka kinafanya kilima. Kilima ni kizuri ukiwa unanunua, ukiwa unapika kinakuharibia.

Sasa kwa michele mingi tunayokula, wa Kyela, wa Kilombero, wa Kahama, pishori ya Mwea kwa walioko Kenya, lita moja inacheza kati ya gramu 750 na 850. Ukipiga hesabu kilo inakuwa kati ya vikombe vinne na robo tatu mpaka vitano na theluthi. Hiyo tofauti wala isikunyime usingizi, wali unaivumilia. Wali ukiharibika kabisa, mara nyingi kosa siyo aina ya mchele, ni chombo, na hapa naongea kwa uchungu.

Mwaka juzi tulikuwa na hitma nyumbani kwa mama mkubwa, pilau nikaachiwa mimi. Mwenye fomula yake alikuwa mbali, akaniambia kwenye simu weka vikombe ishirini vya mchele, loweka, maji lita saba. Rahisi. Nikachukua magi iliyokuwa pale jikoni, ile nyeupe ya maua, nikahesabu ishirini bila kukosea hata moja, maji nikapima kwa chupa ya lita moja na nusu vizuri kabisa. Nusu saa baadae nafunua sufuria, mchele umekauka juu unang'aa, ukitafuna unasikia kah! Watu washakaa kwenye mkeka. Ikabidi nichemshe maji pembeni namwagia kikombe kwa kikombe, nafunika, napalia makaa juu ya mfuniko, naomba Mungu, jasho linanitoka na siyo la moto. Ulilika, ila wa chini ulikuwa ukoko na wa juu ulikuwa unataka maji bado.

Kesho yake nikabeba ile magi mpaka kwa mangi, muuza duka wetu, nikamwomba aniwekee mchele mpaka juu afute afu apime kwenye mizani yake. Gramu 280. Yaani badala ya kupika kilo nne kama yule mwenye fomula alivyomaanisha (ishirini mara gramu 200), mi nilipika kilo tano na gramu mia sita kwa maji ya kilo nne. Hamna pilau inayosamehe hilo. Kuanzia siku ile nikaacha kuuliza vikombe vingapi nikaanza kuuliza kikombe chako kinaingia nini.

Sasa namna ya kukijua kikombe chako. Njia ninayoipenda ni hii, nunua kilo moja ya mchele iliyopimwa vizuri, ya pakiti au ya kwa muuza duka unayemwamini mizani yake, ukifika nyumbani kabla hujaumwaga kwenye ndoo, uhesabu unaingia vikombe vingapi kwa kile kikombe ambacho uko nacho kila siku. Ukipata vitano kikombe chako ni cha gramu 200, ukipata sita na robo ni cha gramu 160, ukipata vitatu na nusu na kidogo ndo kama magi yangu. Gawanya 1000 kwa idadi ya vikombe, kalkuleta ya simu ipo. Umemaliza, hiyo namba ni ya maisha mpaka kikombe kivunjike.

Kama huna kilo mpya ndani tumia maji. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, ijaze, mimina kwenye kikombe chako mpaka mdomoni. Ikijaza vikombe viwili kamili kikombe ni cha mililita 250. Ikijaza viwili na nusu ni cha 200, hivi ndo vikombe vya chai vingi vya nyumbani. Ikijaza kimoja na ikabaki chini ya nusu, ujue umeshika magi. Ukishapata mililita zidisha kwa 0.8 unapata gramu za mchele, basi. Mililita 200 mara 0.8 ni gramu 160. Mililita 350 mara 0.8 ni gramu 280, umeona, ileile ya kwa mangi. Kurudi nyuma unagawanya, una gramu 500 unataka kujua mililita, 500 gawa kwa 0.8 ni 625, yaani vikombe viwili na nusu vya 250. Kama desimali zinakusumbua shika hivi, gramu ongeza robo yake upate mililita, mililita toa sehemu moja ya tano upate gramu.

Na hiyo chupa ya nusu lita yenyewe usiitupe, ikate shingo, ikijaa mpaka pale ilipokuwa nusu lita una kipimo cha gramu 400. Kijiko cha chakula kile cha kupimia cha mililita 15 ni gramu 12, cha chai cha mililita 5 ni gramu 4, hivi ni vya wale wanaotengeneza uji wa mtoto au wanaoongezea mchele kidogo kwenye supu, kwa sufuria ya familia utazeeka unahesabu.

Kuna mtego mwingine, makopo. Nyumba nyingi mchele unachotwa kwa kopo la Blue Band au la maziwa ya unga na mtu anasoma pale nje, gramu 500, anasema hii nusu kilo. Ile 500 ni ya siagi siyo ya mchele! Siagi imejaa haina hewa, mchele una hewa, kwa hiyo kopo la siagi la nusu kilo ukijaza mchele ukafuta unapata kama gramu 430 au 440. La maziwa ya unga ni kinyume chake, maziwa ya unga ni mepesi, kopo limeandikwa 400 lakini ni kubwa, la kwangu linameza mchele karibu gramu 700. Kwa hiyo kilichoandikwa nje ya kopo kisahau kabisa, kinahusu kilichokuwemo, we pima kwa maji.

Tuje kwenye maji ya kupikia maana ndo sababu ya haya yote. Ukisikia mtu anasema mchele moja maji mbili, hiyo ni vikombe kwa vikombe, haihusiani na kilo kabisa. Kilo moja ya mchele ina ujazo wa lita moja na robo, kwa hiyo moja kwa mbili ni lita mbili na nusu za maji. Sasa kuna wanaosema kilo moja lita mbili, nao hawajakosea, wanasema kitu kingine, hiyo ni kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na zaidi kidogo ya nusu cha maji, na kwa mchele mpya wa msimu ndo inatakiwa hivyo. Tatizo linakuja ukisikia kilo moja lita mbili afu kichwani ukageuza kuwa vikombe vitano kwa vikombe kumi. Umeshaongeza nusu lita hapo bila kujua, unafunua sufuria unakuta mashendea ya mgonjwa.

Mi kwa mchele mpya naanza kikombe kimoja kwa kimoja na nusu, wa zamani uliokauka naenda mpaka viwili, na basmati iliyolowekwa nusu saa kimoja na nusu kinatosha na wakati mwingine hata pungufu. Ukipika mwingi sana, kilo nne tano kwenye sufuria moja, punguza uwiano kidogo maana maji hayapotei kwa mvuke kama kwenye sufuria ndogo. Ukipika wa nazi, tui nalo ni maji, watu wanasahau, wanaweka maji kamili afu wanamimina na tui zito lote juu yake. Jumlisha tui jepesi na zito, jumla yake ndo iwe hayo maji yako.

Na siri ambayo ingeniokoa siku ile ya hitma: ukipima mchele na maji kwa chombo kilekile huhitaji kujua gramu wala mililita. Ukiwa na magi, mchele magi moja, maji magi moja na nusu, hata kama ni ndoo ni vilevile. Mambo yanaharibika pale mchele unapopimwa kwa kikombe na maji kwa lita, au mchele kwa kilo na maji kwa vikombe. Gramu unazihitaji ukienda kununua, ukipika kwa watu wengi, au ukifuata fomula ya mtu aliyeandika kwa kilo.

Kitu kingine, pima mkavu. Usioshe afu ndo upime. Mchele uliolowekwa umeshakunywa maji, unaweza kuongezeka uzito hata robo nzima, kwa hiyo ukiuweka kwenye mizani ukiwa umelowa unajidanganya. Pima kwanza, andika, ndo uoshe.

Wenye raiskuka nisikilizeni. Kale kakombe kanakuja ndani ya boksi siyo kikombe cha 250, ni cha mililita 180. Kametoka Japani, ni kipimo chao cha zamani cha mchele wanakiita gō, kinaingia gramu 150 hivi za mchele, na ile mistari 2, 4, 6 iliyochorwa ndani ya sufuria yake inahesabu hivyo vikombe vidogo. Kakombe huwa kanapotea mapema, watoto wanachezea mchanga, mtu anachukua kikombe cha kupimia cha kawaida anaweka vinne, anajaza maji mpaka mstari wa 4. Sufuria inaamini umeweka mililita 720 za mchele kumbe umeweka lita nzima, maji hayatoshi, wali una kiini, mashine inalaumiwa bure. Kama umekapoteza, kwa kila mstari weka gramu 150, au ukitumia kikombe cha 250 weka robo tatu yake pungufu kidogo. Kilo moja kwa hesabu ya raiskuka ni vikombe sita na theluthi mbili, na raiskuka nyingi ndogo za nyumbani kilo haiingii, usijaribu, itafumuka mpaka kwenye waya.

Fomula za mtandaoni nazo zina lugha yao. Za Marekani wakisema kikombe wanamaanisha mililita 240 hivi, mchele hapo ni kama gramu 190, kwa matumizi ya nyumbani ichukulie kama cha 250 hutaona tofauti ilimradi na maji unapima kwa hichohicho. Wakisema ratili moja ni gramu 454, vikombe viwili na robo. Wakia ni gramu 28, hiyo ni vijiko viwili vya chakula na kitu. Uingereza wengi wanaandika gramu moja kwa moja, ukikuta basmati gramu 300, ongeza robo yake, 375, kikombe kimoja na nusu.

Sokoni sasa. Sado, lile kopo la rangi la lita nne, kwa mchele uliofutwa ni kilo tatu na gramu mia mbili, ukiwekewa kilima inasogea. Debe la lita ishirini ni kilo 16 kwa mfuto. Gunia la kilo 100 kwa hesabu hii ni lita 125, yaani debe sita na robo, na ukiuliza wazee wa sokoni wengi watakujibu debe sita, kwa hiyo hesabu yetu haiko mbali. Kenya wana gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, na mtego ni uleule wa siagi, kilo mbili ni za mafuta, mchele wa mfuto unaingia kama kilo moja na gramu mia saba au nane. Makopo haya mengine yamebonyezwa tumbo kwa ndani, mengine yamekatwa mdomo yakapungua vidole viwili, na kwa Tanzania Wakala wa Vipimo wanakataza kuuza kwa vipimo ambavyo havijahakikiwa, kwa hiyo kama muuzaji ana mizani omba mizani. Na usichanganye debe la mpunga na la mchele, mpunga una maganda ni mwepesi sana, na ukikobolewa unapoteza kama theluthi ya uzito wake au zaidi.

Watu wangapi? Kwa nyumba ya kawaida kilo moja nahesabia watu wanane, gramu 125 kila mmoja, wakiwa vijana wametoka mpirani sita. Wali ukiiva ujazo wake unakuwa kama mara tatu, kilo moja inakupa lita tatu na nusu mpaka nne za wali, kwa hiyo sufuria ya lita tano ndo saizi yake. Hapa wale wenye sukari mliopewa mpangilio wa chakula muangalie, ukiambiwa kikombe kimoja cha wali ni uliopikwa, gramu 160 hivi, siyo kikombe cha mchele mkavu, huo ukiiva ni vikombe vitatu!

Kwa vitumbua na mkate wa kumimina unaloweka mchele wenyewe kwa hiyo hesabu ni ileile, nusu kilo vikombe viwili na nusu. Ila ukitumia unga wa mchele namba inabadilika, unga ni mwepesi, kikombe cha 250 ni gramu 160 na kidogo, kwa hiyo nusu kilo ya unga ni vikombe vitatu.

Mwezi wa Ramadhani swali linarudi kwa sura nyingine, pishi ya zaka ya fitri, ile inayotolewa mwisho wa mfungo, ni kilo ngapi. Pishi ni kipimo cha ujazo tangu zamani, vibaba vinne, ndo maana ukiibadilisha kuwa kilo kila chakula kinatoa jibu lake na ndo maana unasikia wengine wanasema kilo mbili na nusu, wengine karibu tatu. Wengi kwetu wanatoa kilo mbili na nusu ya mchele, kwa kikombe chetu ni vikombe kumi na mbili na nusu, ukifanya kumi na tatu hamna atakayekudai, na kama msikiti wenu wametangaza kiasi fuata hicho.

Mwisho, ukishajua chombo chako kinaingia gramu ngapi kiandike palepale ubavuni. Kalamu ya maka inafutika ukikosha mara tatu. Mi nilitumia rangi ya kucha nyekundu, nimechora mstari pale kopo linapofika gramu 500 na mwingine kwenye 250, ina mwaka na nusu sasa na haijatoka, hata msichana wa kazi akija mpya namwambia tu mpaka kwenye nyekundu.